Karatasi za Stanleyville ziko wapi? Jibu kwa msomaji wa Kigoma

*Shikamoo mzee. Babu yangu mzaa mama alikulia Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani. Nyumbani tunaambiwa alikuwa mtu wa Otraco, kwenye meli za Mto Kongo, akakimbilia Kigoma wakati wa vita vya Simba na sanduku moja. Alifariki kabla sijazaliwa. Tumebaki na kitabu chake cha kazi cha enzi ya Wabelgiji na picha ya vijana watatu, nyuma imeandikwa "Stan R.G. 53". Hatujui huyo R.G. ni yupi kati yao. Nataka kuandika historia ya mji wake, ila kwa sasa siwezi kwenda Kisangani, na kila nikitafuta kwenye intaneti nakuta Stanley na Lumumba tu. Maktaba gani ina habari za watu wa kawaida? Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Picha za kitabu cha kazi ulizoambatanisha nimezikuza hadi macho yakaniuma. Kabla sijafika kwenye maktaba, niseme moja: sidhani kama babu yako alikuwa mtu wa Otraco. Tazama muhuri wa duara kwenye ukurasa wa tatu, uliofifia upande mmoja. Herufi ni tatu, C.F.L.

Otraco lilikuwa shirika la serikali ya kikoloni, lilianzishwa mwaka 1935, na meli zake ndizo zilizopanda mto kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, hadi Stanleyville. C.F.L. ni watu wengine kabisa. Ni kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902 na tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain. Kampuni hizi mbili ziligawana kazi kwa sababu ya maji yenyewe. Meli ikitoka Kinshasa hupanda zaidi ya kilomita 1,700 bila kizuizi, halafu ikifika Kisangani inagota. Juu ya mji kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika kwenye urefu wa kilomita kama 100, na hakuna chombo kinachopita. Ndiyo maana C.F.L. ilijenga reli ya kilomita 125 kuyazunguka hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, ikafunguliwa mwaka 1906. Kutoka hapo unapanda meli ya kampuni hiyohiyo hadi Kindu, kisha reli tena hadi Kongolo, kisha mto, na mwisho reli ya Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie, iliyokamilika mwaka 1915. Na ukisimama Kalemie ukatazama kaskazini-mashariki, ng'ambo ya ziwa ni nyinyi.

Umeona? Njia aliyokimbilia babu yako huenda ndiyo njia aliyokuwa akiifanyia kazi. Sina ushahidi wa safari yake, wala wewe bado huna. Lakini mtu wa C.F.L. alijua majina ya stesheni zote hadi ziwani, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayetoroka na sanduku.

Sasa R.G. Nakushauri usiwasumbue tena wale vijana watatu. Reli ya Ubundu haianzii mjini. Inaanzia ukingo wa pili wa mto, upande wa kushoto, sehemu inayoitwa Lubunga. Kwa Kifaransa ukingo wa kushoto ni *rive gauche*. Ukiweka muhuri na picha pamoja, nadhani "Stan R.G. 53" ni "Stanleyville, ukingo wa kushoto, 1953". Kwa hiyo mji unaoutafuta ni ule wa ng'ambo, wa mabehewa na karakana, ambao ulitazama majengo ya wakubwa kwa mbali. Karibu kila utakachosoma juu ya Stanleyville kiliandikwa na mtu aliyekaa ukingo wa kulia. Kumbuka hilo kila unapofungua ukurasa.

Ulitaka kujua pa kuanzia. Anzia Kigoma, wala usitumie senti kwanza. Kama babu alikuwa Mkatoliki na alifunga ndoa huko, nenda parokiani uombe kuonyeshwa kitabu cha ndoa. Padri hafungishi ndoa bila kujua bwana harusi alibatizwa wapi, kwa hiyo kwenye mstari wake utakuta jina la misheni ya ubatizo, na pengine namba. Ukiipata namba hiyo, iandikie parokia ya Kongo. Kitabu cha ubatizo kina ukingo mpana, na kwenye ukingo huo huongezwa habari za baadaye, kama kipaimara na ndoa hata ikiwa imefungwa nchi nyingine. Mara nyingi mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo unakupa jina la baba, la mama, kijiji, msimamizi, na hapo pembeni, kwa wino wa rangi nyingine na mwandiko wa mtu mwingine, neno "Kigoma". Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifika maporomokoni mwaka 1897 wakiongozwa na Padri Gabriel Grison, na misheni yao ya kwanza ikaitwa Mtakatifu Gabrieli. Kama alikuwa Mprotestanti, jina la kutafuta ni Yakusu, misheni ya Wabaptisti wa Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1896, chini kidogo ya mji. Nyaraka za wamisionari hao zimehifadhiwa Oxford, kwenye maktaba ya Angus ya Regent's Park College.

Ukimaliza parokia, tembelea wazee wa Kikongo walioko Mwanga na Ujiji. Usiwaulize "nisimulie historia", maana watakupa Lumumba, alivyokuwa karani wa posta, alivyohutubia, na utarudi ulikotoka. Uliza vitu vidogo: mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga ulilipiwa wapi? King'ora cha kazi kililia saa ngapi? Nani alikuwa mpiga picha? Majibu hayo ndiyo yatakayokuwezesha kutambua picha usiyoijua ukiiona kwenye maktaba.

Tuje kwenye kilichokuangusha kwenye intaneti. Mji huu una majina mengi, na kila jina lina rafu yake. Ukiandika "Kisangani" kwenye katalogi utapata zaidi mambo ya baada ya 1966, mwaka ambao jina la kikoloni lilifutwa rasmi. Kati ya hapo na mwisho wa karne ya 19 andika "Stanleyville". Kabla ya hapo andika "Stanley Falls", au "les Falls" kama Wabelgiji walivyozoea kusema. Kwenye vitabu vya wasafiri wa miaka ya 1880 utakutana na "Singatini", mji wa Waarabu na Waungwana, na kisiwa cha "Wana Rusari", ambako Stanley aliacha kituo chake Desemba 1883 chini ya fundi mmoja Mskoti aitwaye Binnie. Watu wa mtoni wenyewe, Wagenia, nao hupatikana kama "Wenya", "Enya" au "Bagenia" kulingana na aliyekuwa ameshika kalamu. Mimi nilipoteza siku tatu nzima kwenye chumba kimoja cha nyaraka Ulaya nikiwatafuta kwa jina moja. Siku ya nne mhudumu, mama mtu mzima, akaniuliza kwa upole kama nimejaribu herufi E.

Hapo hapo ongeza majina ya wilaya na ya idara. Karani wa kikoloni hakuandika habari za "watu wa kawaida". Aliandika "C.E.C.", yaani mtaa wa Waafrika uliotengwa kisheria nje ya mamlaka ya machifu. Aliandika "A.T." akimaanisha bwana mkubwa wa *territoire*, sehemu ya wilaya, "T.P." kwa kazi za ujenzi, "F.P." kwa jeshi, "H.C.B." kwa kampuni ya mawese. Babu yako, akiwamo, atakuwa chini ya vifupisho vya namna hii, kwenye orodha ya mishahara au malalamiko ya nyumba, na mara chache sana chini ya jina lake.

Na karatasi zenyewe ziko wapi? Nyingi ziliondoka. Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, Wabelgiji walifungasha mafaili na kuyasafirisha kwao, na kazi hiyo waliipa jina kabisa, "Operesheni Nyaraka". Kwa miaka mingi yalikuwa mikononi mwa wizara yao ya mambo ya nje, baadaye yakakabidhiwa kwa Nyaraka za Taifa za Ubelgiji mjini Brussels. Yaliyobaki Kisangani yalipitiwa na waasi wa Simba mwaka 1964, na maasi ya mamluki mwaka 1967, kisha mizinga ya Rwanda na Uganda zilipopigana wao kwa wao katikati ya mji kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Hata hivyo usiuandike mji kama mtupu. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963, na wanafunzi wake wa historia wamekuwa wakiandika tasnifu za mtaa, soko na ukoo ambazo si rahisi kuzikuta kwenye katalogi za Ulaya. Barua fupi kwa idara ya historia, kwa Kifaransa, ikitaja Lubunga na C.F.L., ina thamani kuliko wiki nzima ya kubofya. Kinshasa kuna taasisi ya nyaraka za taifa, INACO, na pia makao ya SCTP, mrithi wa Otraco, kama muhuri wangu wa C.F.L. utakuwa umenidanganya.

Kwa upande wa Brussels, usiandike barua kabla ya kufungua kitabu kimoja: mwongozo mkubwa wa vyanzo vya historia ya ukoloni Kongo, Rwanda na Burundi uliotolewa mwaka 2021 na Nyaraka za Taifa za Ubelgiji pamoja na Jumba la Makumbusho ya Afrika lililoko Tervuren, karibu na Brussels. Una kurasa zaidi ya 2,000 na unapakuliwa bure. Unakuambia kila rundo la karatasi liko jengo gani, linaanza mwaka gani na linaishia wapi. C.F.L. ilikuwa kampuni binafsi, kwa hiyo usiitafute kwenye mafaili ya wizara peke yake, angalia sehemu ya kampuni na ya kundi la Empain. Ukishapata jina la fungu, yaani kundi la mafaili, ndipo uandike. Barua ya namna hii hujibiwa: "Namtafuta mfanyakazi wa C.F.L., Stanleyville, ukingo wa kushoto, miaka ya 1950, namba yake ya kazi ni hii. Je, fungu hili lina orodha za wafanyakazi Waafrika?" Barua inayosema "naomba kila mlicho nacho kuhusu Kisangani" hujibiwa kwa heshima, na jibu halikusaidii kitu.

Namba ya kazi unayo. Ni ile iliyopigwa chapa juu ya jina lake, ambayo wewe ulidhani ni tarehe.

Tervuren nako usikupite. Nyaraka za Stanley ziko huko, na orodha yake inasomeka mtandaoni, lakini kwako wewe mali zaidi ni picha za Inforcongo, idara ya habari ya serikali ya kikoloni. Wapiga picha wake walizunguka hasa miaka ya 1940 na 1950, na chini ya kila picha kuna maelezo. Zisome kwa jicho kali. Maelezo yatasema "wafanyakazi wenye furaha bandarini". Wewe tazama viatu, nani amevaa na nani hajavaa. Tazama ubao wa nyuma umeandikwa nini, na kivuli kinaanguka upande gani, maana kwa kivuli na mkondo wa maji unaweza kujua mpiga picha alisimama ukingo upi.

Kuhusu watu wa kawaida kuna kazi moja ambayo nikiitaja darasani macho ya wanafunzi hufunguka. Valdo Pons, mtaalamu wa jamii, alifanya utafiti Stanleyville mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati uleule wa picha yenu, na kitabu chake kuhusu mji huo kilitoka mwaka 1969. Alichagua barabara moja ya uswahilini anayoiita Avenue 21, akaandika nani anaishi nyumba ipi, nani anamsalimia nani, nani kahama na kwa sababu gani, nani anaongea Kiswahili na nani Kilingala na wanageuza lini. Majina aliyabadilisha, kwa hiyo babu humpati. Utakachopata ni namna jirani alivyomhesabu jirani, jambo ambalo faili la serikali halina. Chuo kikuu chochote chenye maktaba nzuri ya Afrika huwa nacho. Pamoja nacho tafuta jarida *La Voix du Congolais*, lililotoka kuanzia 1945 hadi 1959, lenye habari za vyama vya wasomi wa mikoani. Lumumba aliandika humo. Ila jihadhari: wale walikuwa makarani wanaotaka kutambuliwa, na fundi wa reli wa ng'ambo hakuwa sehemu ya klabu yao.

Kwa mwanzo wa mji, una bahati ambayo Mbelgiji hana. Moja ya maandishi makuu ya wakati huo ni ya Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye ulimwengu unamjua kama Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikayatoa tena mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pa kuulizia. Keti nayo siku moja, pembeni uweke kitabu cha Stanley, msafiri aliyesindikizwa na Tippu Tip mwaka 1876. Stanley anasema walipatana dola 5,000 kwa kumsindikiza hatua 60 za safari. Tippu Tip naye ana malalamiko yake: aliahidiwa makubwa, akaishia kutumiwa picha ya Stanley mwenyewe. Nani mkweli? Mimi siamini hata mmoja wao asilimia mia. Mmoja aliandikia wasomaji wa London, mwingine alikuwa mzee Unguja akikumbuka madeni. Lakini mtu aliyesoma Stanley tu hajui hata kama kulikuwa na deni. Ukifika kwenye mkataba wa Februari 1887, uliotiwa saini Unguja na kumfanya Tippu Tip liwali wa maporomoko kwa niaba ya Mfalme Leopold, utakuwa umeshazoea kuuliza nani anamwandikia nani. Barua za ubalozi wa Kiingereza wa miaka hiyo unaweza kuziulizia Kilimani, kwenye Nyaraka za Zanzibar. Ila usimgeuze liwali kuwa babu wa mji. Waliotekwa na kuuzwa katika biashara hiyohiyo ya pembe walipita papo hapo, na hawakuachiwa kalamu.

Kuna jambo la mwisho la nyumbani. Mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite. Ndiyo Belbase ambayo wazee wa bandarini wanaijua hadi leo. Shehena za C.F.L. zilipita hapo, na pale zilipo bidhaa pana karatasi: hati za kupakia, ugomvi wa ushuru, ruhusa za wafanyakazi. Nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, uombe orodha za mafaili ya Kigoma na ya Belbase kabla ya kuomba faili lolote. Andika barua ya utambulisho mapema, kibali cha utafiti huchukua muda.

Utakapoingia chumba cha kusomea, kalamu ya wino utaiacha mlangoni, utaingia na penseli. Boksi huletwa moja moja. Usipange upya karatasi hata kama unaona zimekosewa, mpangilio mbovu nao ni habari, unaonyesha faili lilivyotumika. Na kabla hujasoma neno la kwanza, andika juu ya ukurasa wako namba ya boksi, ya faili na ya karatasi. Nina barua ya kurasa mbili niliyoinakili ujanani, ya karani wa mtoni anayeomba viatu vya mvua kwa ajili ya mkewe. Naijua kwa moyo. Sijawahi kuitumia popote, kwa sababu sikuandika namba, na nimerudi mara mbili nisiione tena.

Sasa nikuombe. Kwenye skani ulizonitumia, kitabu cha kazi kinaishia ukurasa wa 14, lakini kwenye kona naona uzi wa jalada bado una karatasi moja au mbili nyuma yake. Huko ndiko waajiri walikoandika tarehe na sababu ya kuachishwa au kuhamishwa. Zifunue polepole kwa mkono mkavu, bila kutia maji wala gundi, uzipige picha karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni ili maandishi yaliyofifia yainuke. Nitumie hizo, na nyuma ya ile picha pia. Chini ya "53" naona alama iliyokatika ambayo inafanana na muhuri wa studio.